Umejuaje Kuwa Unajua?

Mzazi wa Kiswahili aliyeko Uingereza ana swali moja tu kuhusu elimu ya mwanawe. Anarudi kutoka zamu ya usiku, hata koti hajavua, anauliza: "Umesoma?" Mtoto anajibu: "Nimesoma." Kesi imekwisha. Mzazi moyo umetulia, mtoto karudishiwa simu yake, na mitihani ya GCSE inangoja Mei na Juni ije iseme ukweli ambao nyumbani hakuna aliyeuuliza.

Swali hilo ni baya, na wanaoliuliza kila siku wanawaponza watoto wao kwa nia njema. Mtoto hadanganyi anaposema amesoma. Amekaa saa tatu na kitabu, amepaka rangi ya njano kila mstari, sura nzima ameirudia mara nne. Tatizo ni kwamba kusoma ni kitu kimoja na kujua ni kitu kingine, naye mwenyewe hawezi kuvitofautisha, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha namna ya kuvitofautisha.

Uwezo huo una jina. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, John Flavell, aliuita metakognisheni. Kwa lugha ya nyumbani ni kuichunguza akili yako inavyojifunza: hili nimelielewa, hili nimelikariri tu, hili silijui kabisa, kisha ukabadili njia mapema, maji hayajazidi unga. Si kipaji cha kuzaliwa nacho. Education Endowment Foundation, taasisi inayopima ni mambo gani hasa yanawasaidia wanafunzi wa huku, ilitoa mwongozo kwa walimu mwaka 2018 juu ya jambo hilihili, na inaliweka miongoni mwa yale yanayowainua watoto sana kwa gharama ndogo sana. Gharama ndogo, jamani! Na watu wanabeba maboksi usiku kucha ili walipe tuisheni.

Tusiende kwa maneno matupu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakakifunga na kuandika kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kurudia kusoma kulishinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: kilichorudiwa kusomwa walikikumbuka kwa asilimia 42, kile walichojipima kwa 56. Na katika jaribio lililofuata, wale waliosoma na kurudia bila kujipima ndio waliojiamini zaidi kuwa watakumbuka, na ndio waliosahau zaidi.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo kiini cha makala haya. Anayerudia kusoma anaona maneno yamekuwa mepesi machoni, akadhani yameingia kichwani. Kumbe ameyazoea tu, kama unavyozoea sura ya jirani unayepishana naye ngazini miaka mitatu bila kumjua jina. Na mtihani wa GCSE hauji baada ya dakika 5. Tangu mageuzi ambayo mitihani yake ya kwanza ilifanywa 2017, masomo mengi hupimwa mwishoni, baada ya miaka miwili ya kufundishwa. Aliyeyazoea maneno Oktoba hana kitu mkononi Juni.

Msidhani ni ujinga wa watoto wetu peke yao. Mwaka 2009 Karpicke na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 177 wa chuo kikuu hichohicho wanajisomea vipi. Asilimia 84 walisema hurudia kusoma. Waliosema hujipima kwa kukumbuka walikuwa 11 tu katika mia. Ikiwa hao waliokwisha kuingia chuo kikuu cha kusifika hawajui, mtoto wa miaka 14 atajulia wapi asipofundishwa?

Ajabu ni kwamba jambo hili tunalo wenyewe. Nendeni chuoni, pale watoto wanapohifadhi Kurani. Hakuna mwalimu anayeuliza "umesoma?" Anasema: funga msahafu, soma kwa moyo. Mtoto anapokwama, wa kwanza kujua ni yeye mwenyewe. Anarekebishwa palepale alipokwama, harudishwi mwanzo wa juzuu. Wiki ijayo anaulizwa tena ya wiki hii. Na wenzetu waimbaji wa kwaya nao wanajua: wimbo hujaujua mpaka uweke karatasi chini. Sasa mtoto huyohuyo akifika nyumbani anafungua kitabu cha baiolojia, anakikodolea macho mpaka usiku, na hakuna anayemwambia akifunge. Nani alitwambia kwamba baiolojia haina haja ya kufungiwa kitabu?

Sisemi baiolojia ikaririwe kama sura za Kurani. Hifadhi inalinda neno kwa neno. Mtihani wa sayansi unataka maana, sababu na mfano mpya. Ninachotaka tukitoe chuoni ni ule ukaguzi, ile tabia ya kutojiamini mpaka umejijaribu.

Kuna jambo zito zaidi. Kujipima maana yake ni kukubali kusema "sijui", na katika nyumba zetu nyingi neno hilo ni kosa. Mtoto akisema sijui anaambiwa mvivu, anatajiwa mtoto wa fulani aliyeingia udaktari, anakumbushwa nauli iliyomleta Ulaya. Basi anajifunza haraka sana somo moja: ficha. Anaficha kwa mama, kwa mwalimu, mwisho anajificha hata yeye mwenyewe. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu ataumbuliwa Agosti, siku ya matokeo, na mzazi atashangaa: "Lakini alikuwa anasoma kila siku!" Ndiyo, alikuwa anasoma.

Halafu tuna hizi darasa zetu za Jumamosi katika kumbi za jumuiya. Nawashukuru wanaojitolea. Lakini darasa ambalo mwalimu anasimama ubaoni kutatua maswali ya mitihani iliyopita, watoto wakinakili, linamzoesha nani? Linamzoesha mwalimu. Yeye ndiye anayefikiri, anayechagua njia, anayegundua kosa. Mtoto anaona jibu limeshuka kama mvua. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kuunda huko ndiko anakotakiwa aonyeshwe. Mwalimu na aseme kwa sauti: hapa sina uhakika, nimejaribu hivi imekataa, nimejua imekataa kwa sababu hii, sasa najaribu vile. Kisha anyamaze, watoto wafanye wenyewe vitabu vikiwa vimefungwa.

Wapo watakaosema: sisi tulikariri, na tukafika. Hebu tukumbuke vizuri. Waliofika wengi wao walikuwa wakiulizana maswali usiku bwenini, wakikosoana, mmoja akimfundisha mwenzake hesabu juu ya vumbi kwa kijiti. Huko kulikuwa kujipima, ingawa hatukukuita hivyo. Na wale waliokariri wakaanguka hawapo hapa kutusimulia. Wengine watasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kweli. Lakini nywele husukwa, na hakuna mama aliyemwacha binti yake matimutimu kwa kusema ndivyo alivyozaliwa.

Na wapo watakaosema, kwa huzuni kabisa: Kiingereza changu hakitoshi, fizikia siijui, nitamsaidiaje? Hawa ndio ninaowaandikia hasa. Mama yangu, dada yangu, kazi hii haihitaji fizikia. Mwambie mtoto afunge daftari, akueleze kwa Kiswahili alichosoma, wewe ukiendelea kukuna nazi. Akianza "kile kitu kinafanya vile", umeshajua, naye ameshajua: hapo pana shimo. Kutojua kwako ndiyo faida yako, kwa sababu hawezi kukupitishia neno la kitabu ukalikubali kwa kuwa tu ni la Kiingereza. Itambidi alielewe ndipo akueleze. Na Kiswahili chake, ambacho kila mkutano tunalalamika kinapotea, kitapata kazi ya kufanya zaidi ya "shikamoo" na "chakula tayari".

Maswali ya kuuliza ni machache. Kabla hajaanza: nini unakijua tayari, na utaanzia wapi? Katikati: umekwama wapi hasa? Mwisho: njia gani imekufaa, na kesho utafanya nini tofauti? Akirudi na karatasi iliyosahihishwa, msianze na alama. Pangeni makosa mafungu matatu: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, sikulisoma swali vizuri. Kila fungu lina dawa yake, na tuisheni ya jumla haitibu hata moja likiwa halijulikani.

Kwa viongozi wa jumuiya zetu nina ombi moja. Katika kila darasa la Jumamosi tengeni nusu saa ya vitabu kufungwa. Kila mtoto aandike anachokumbuka, aweke alama pale asipokuwa na uhakika, ndipo afungue kitabu ajisahihishe. Hakuna fedha inayotakiwa, hakuna fomu ya kuomba msaada. Na kwenye sherehe ya kutoa zawadi, pamoja na wale wenye alama 9, aitwe mbele mtoto mmoja aliyesema mapema "hili sijui", akalifanyia kazi. Apigiwe makofi sawasawa na wenzake.

Wazazi, leo usiku msiulize "umesoma?" Ulizeni: "Umejuaje kuwa unajua?" Na mtoto akijibu kwamba kuna kitu hakijui, msimkaripie. Vuteni kiti, mumuulize ni kitu gani.