Swichi Haina Umbea, Inahesabu Tu

Haya washkaji, wiki hii twende Pemba. Tuseme ofisi iko Wete, fundi wa kompyuta yuko Chake Chake. Saa nne asubuhi simu inalia: "Shekhe, mtandao umelala!" Na ofisi nzima keshapatikana mchawi: yule dada wa mapokezi, si ndiye kutwa na simu mkononi?

Bila ujanja fundi angedandia gari ya Wete, jasho linamtoka, afike akute mambo yamekaa sawa yenyewe. Mjanja anabaki kitini pake, anaiuliza swichi.

Swichi ni lile boksi lenye matundu mengi na vitaa vinavyokonyeza. Kila tundu lina hesabu yake: data kiasi gani imeingia, kiasi gani imetoka, ngapi zimeharibika. Kompyuta ya fundi inaisoma hesabu hiyo, tuseme kila dakika tano, inatoa ya mwanzo kwenye ya sasa, inachora mchoro. Lugha wanayosemeshana inaitwa SNMP, ipo tangu 1988. Mwaka 1991 ikaja RMON: kifaa chenyewe kinatunza kumbukumbu, na mzigo ukivuka kiwango ulichokiwekea kinapiga yowe. Kwa ofisi yenye laini nyembamba ni nafuu, maana hakipigiwi hodi kila mara.

Basi fundi anatazama. Tundu la mapokezi kimya. Linalowaka moto ni la 17. Nani huyo? Kamera ya ulinzi iliyowekwa juzi! Inatuma picha nje usiku na mchana, na aliyeiagiza ni bosi mwenyewe. Dada wa watu kasingiziwa bure.

Kuna siku kosa si la mtu yeyote ofisini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama ile matundu ya ndani yanapumua vizuri, la kutokea nje ndilo linalokauka. Hapo hakuna wa kununiwa.

Ila wakubwa, msivimbe vichwa. Kuhesabu ni kama karani wa bandarini Mkoani anayehesabu magunia ya karafuu: hafungui gunia. Lakini swichi nyingi zinaweza pia kunakili kila kinachopita tundu moja na kukipeleka jingine, mtu akae akisome. Kweli, ujumbe mwingi siku hizi umefungwa kwa siri, lakini hata kujua nani kaingia tovuti gani saa ngapi ni kuchungulia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Mfanyakazi aambiwe mapema kinachotazamwa, na anayetazama ni nani.

Na wewe fundi, lile neno la siri la kiwandani, "public", bado hujalibadilisha? Basi jua hutazami peke yako.

Haya, tukutane wiki ijayo.