Mali ya Kale Sokoni: Ajuaye na Asiyejua



Tumeulizwa na kijana mmoja akaaye Marekani: Je, yafaa Mwislamu kununua kwa bei ndogo kitu cha kale ambacho muuzaji hajui thamani yake? Yeye hutafuta rili za zamani, yaani vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, katika magulio ya vitu vikuukuu. Twalijibu swali lake kwa manufaa ya wote.

Kwanza na tuijue mali yenyewe. Mwanzo wa karne ya 19, mfua fedha wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, George Snyder, alitengeneza rili kwa ufundi wa saa: mpini ukizungushwa mara moja, kigurudumu huzunguka mara kadhaa. Baada yake Jonathan Meek na nduguye Benjamin waliifanya kazi hiyo mjini Frankfort, Kentucky. Huko Uingereza, nyumba ya Hardy ya mji wa Alnwick ilianza kuuza rili yake iitwayo Perfect mwaka 1891. Leo rili ya Meek yaweza kufikia maelfu ya dola. Lakini katika gulio kama la Brimfield, Massachusetts, lililoanza mwaka 1959, yaweza kulala ndani ya kikapu cha misumari na koleo, muuzaji ameirithi kwa babu yake wala hajui ni nini. Ajuaye hutazama jina lililochongwa ubavuni, na kama skurubu na mpini ni vya asili. Wala hapendi shaba iliyosuguliwa ikang'aa, maana utandu wa miaka ndio shahidi wa ukale.

Sasa hukumu. Kununua rahisi si haramu, kwani biashara ni maridhiano. Lililo haramu ni hila: kukibeza kitu kuwa ni chuma kibovu nawe wajua kuwa ni mali, au kuulizwa thamani yake ukasema uwongo. Na auzaye vivyo hivyo: rili iliyotiwa mpini mgeni ikauzwa kuwa kamili ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta imelowa ndani, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha umaji ule, na akamtoa mwenye kughushi katika safu yake.

Tena wako wanunuzi waendao gulioni kabla ya alfajiri, kurunzi mkononi, wamuwahi muuzaji angali akiteremsha vitu. Mtume (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni, maana mwenye mali hajaijua bei. Aliyeko gulioni amekwisha fika sokoni, na hukumu yake si ile ile. Lakini sababu ya katazo ni funzo kwetu: asiyejua asifanywe windo.

Juu ya halali kuna daraja ya wema. Sahaba Jarir bin Abdullah alimtuma mtumishi wake kununua farasi, wakapatana kwa dirham 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia muuzaji kuwa ni bora kuliko bei hiyo, akaipandisha mwenyewe mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, alieleza kuwa alimwahidi Mtume (S.A.W.) kumtakia mema kila Mwislamu. Wala asidhani mtu kuwa jirani asiye Mwislamu ametoka katika haki. Uadilifu ni wa watu wote.

Enyi vijana, jambo hili lipo hata kwetu pwani, ambako masanduku ya njumu ya mabibi zetu yametoka majumbani kwa bei ya kuni. Kama hatupendi kufanyiwa hivyo, tusiwafanyie wenzetu. Rili itashika kutu, na faida itatumika. Hisabu ya jinsi ilivyopatikana itabaki.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.