Tamko la Chama cha Wakazi Kuhusu Utoaji wa Leseni za Vileo Mjini

Sisi wakazi wa mji huu, tuliojumuika katika chama cha wazazi, walimu, wafanyabiashara na viongozi wa dini, tumekutana na kukubaliana kuutolea umma tamko hili, wakati ambapo maombi ya leseni mpya za vileo, pamoja na ya kuhuisha zile za zamani, yanasubiri uamuzi wa kaunti.

1. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi wetu tungali tunaiita Sheria ya Mututho. Sheria hiyo iliihalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa viwango na kutiwa katika chupa, na ikakataza kumuuzia kileo aliye chini ya umri wa miaka 18. Iliruhusu baa kufunguliwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku katika siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Ilitaka pia baa iwe umbali usiopungua mita 300 kutoka shule ya watoto.

2. Chama hakina ugomvi na mtu mzima anayekunywa kwa fedha zake, wala na biashara halali. Wenye baa wamo miongoni mwa wanachama wetu, nao wamelikubali tamko hili. Anayelipa ada na kuheshimu saa ndiye wa kwanza kuumizwa na jirani anayefungua mlango wa nyuma saa 3 asubuhi.

3. Sheria inataka maombi ya leseni yatangazwe ili mkazi mwenye pingamizi alitoe. Tangazo lililobandikwa ndani ya ofisi ambayo mwananchi haingii si tangazo. Vivyo hivyo, mita 300 hupimwa kwa kamba wala hazikadiriwi kwa macho ya mwombaji.

4. Kiini cha shauri letu, hata hivyo, ni fedha. Ada za leseni huhesabiwa katika mapato ya kaunti, na afisa aliyewekewa lengo la makusanyo hawezi kutarajiwa kuikataa leseni kwa moyo mweupe. Nchi hii imewahi kuipitia njia hiyo. Katika miaka ya 1920 halmashauri ya Nairobi ilifungua ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikajipa yenyewe haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida yake ikatengwa kugharimia huduma za mitaa yao. Kwa maneno mengine, Mwafrika alitakiwa anywe ndipo ahudumiwe, huku mama aliyepika pombe nyumbani akikamatwa. Mfano ulitoka Durban, mji uliofanya biashara hiyo tangu muongo wa kwanza wa karne ya 20. Huko, mwaka 1959, wanawake wa Cato Manor walizivamia kumbi za pombe za manispaa zilizokuwa zikimeza mishahara ya waume zao. Chama kinashikilia kwamba mamlaka inayoamua nani auze kileo haifai kuwa na njaa ya mauzo hayo, iwe kwa kuuza yenyewe au kwa kuzitegemea ada.

5. Mnamo Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Machi 6, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Prof. Kithure Kindiki, alitangaza hatua 25, zikiwemo za kukagua leseni upya. Hatua hizo zilistahili kuungwa mkono. Lakini sheria ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 13, na msako unaofuata mazishi hauwezi kuitwa udhibiti.

6. Kwa hiyo Chama kinaitaka kamati ya leseni ya kaunti isihuishe leseni yoyote iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto, hata kama mwenyewe amelipa ada kwa miaka mingi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinayatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na risiti haiwezi kukipita. Bunge la Kaunti nalo linaombwa kuondoa lengo lolote la makusanyo linalohusu leseni za vileo.

7. Chama kimeazimia kuwasilisha, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ombi la maandishi la kupewa orodha ya leseni zote zilizotolewa mjini, mahali ilipo kila baa, na kumbukumbu za vikao vilivyoziidhinisha. Sheria inaipa ofisi husika siku 21 kujibu. Zikipita bila jibu, shauri litapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na pingamizi dhidi ya kila ombi lililo karibu na shule litawasilishwa moja baada ya jingine.

Limetolewa kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.