Puti siyo bati

Wadau, leo naomba nigombane na watu. Kuna msemo umeenea hapa chuoni kwamba msomi akishika mashine ya kuchomelea basi maisha yamempiga. Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hesabu, mwaka wa pili, na kila Jumamosi najifunza kuchomelea bodi ya gari nyumbani kwetu Mbagala. Bumu limeisha, ni kweli, ila hilo halihusiani kabisa!

Gari lenyewe ni Corolla ya mzee, teksi. Ndiyo iliyonilipia ada. Hewa ya Dar mnaijua, chumvi ya bahari na unyevu mwaka mzima. Sehemu inayoliwa kwanza ni lile boksi la chini ya milango. Vitundu vyake vya kutolea maji vikiziba kwa tope, bati linaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Ukiona kipele kwenye rangi, ujue shughuli ilianza zamani.

Sasa fundi mmoja wa mtaani alifanya wanachofanya wengi: msasa, puti, rangi, lete hela. Miezi michache baadaye kipele kikarudi. Nikachokonoa na bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

Jamani, puti siyo bati! Puti ni ya kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima, haibebi uzito wowote. Na gari kama Corolla halina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Teksi ikigongwa ubavuni, abiria aliyelipa nauli yake halali analindwa na nini, unga uliokauka?

Mnaniambia "waachie mafundi". Mafundi gani? Wapo wazuri, na mjomba wangu wa gereji anayenifundisha ni mmoja wao. Lakini usipojua kazi inafanywaje, utamtofautishaje yeye na yule wa puti? Wote wanakurudishia gari linang'aa.

Na asiniambie mtu kwamba ni kazi ya wasiosoma. Bati la bodi halifiki hata milimita 1. Ile mashine ya mageti na kijiti chake cha milimita 3.2 inalitoboa mara moja. Ndiyo maana wengine wanatumia gesi, na sisi tumeazima mashine ya MIG yenye waya wa milimita 0.6. Unakata kutu yote mpaka ufike bati safi, unatengeneza kiraka kinachokaa sawasawa, kisha unakishika kwa nukta. Nukta huku, nukta kule, unasubiri ipoe. Ukiwa na haraka ukavuta mstari mmoja mrefu, bati linajikunja kama chapati. Kutanuka kwa metali nimekariri tangu sekondari, lakini nimekuona kwa macho mwaka huu, kwenye boneti chakavu ninalofanyia mazoezi!

Kabla ya cheche ya kwanza tunachomoa betri, tunang'oa viti na kapeti, maji na mchanga viko pembeni. Miwani ya jua mnayoona mtaani siyo kinga, mwanga ule unaunguza macho na usiku unahisi yamejaa mchanga. Bati lenye zinki linasuguliwa kwanza, moshi wake unaleta homa. Karibu na tangi la petroli sigusi, wala pale suspensheni inaposhikia. Hapo ni mjomba.

Kinachoniuma zaidi ni sisi watu wa elimu. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu, 1967, tunaimeza kama nondo za mtihani halafu tunaicheka mtu akiifanya. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari. Sawa, watakuwepo walimu wa ufundi. Lakini mwanafunzi wa amali atakuja pia kwenye kipindi changu cha Fizikia na kuuliza kwa nini kiraka chake kimepinda. Nimsomee notsi? Mtu ambaye hajawahi kukunja bati atamjibu nini mtoto yule, zaidi ya kumwambia "hilo halitoki kwenye mtihani"?

Jumamosi hii tunaanza kiraka cha kwanza kwenye gari lenyewe, upande wa dereva. Helmeti ya kuchomelea tunayo moja tu na tuko wawili, kwa hiyo mwenye ya akiba aniazime. Nitairudisha Jumapili jioni.