Milioni Mbili Mkononi

Leo tuongee mkwanja, maana kwa mtazamo wangu unavunja ndoa nyingi kuliko hata nyumba ndogo.

Kuna wanandoa rafiki zangu pale Bariadi, mke mwalimu, mume anafanya biashara ya pamba. Msimu ulipomnyookea, shemeji akaagiza saa ya Seiko Presage, ile yenye uso mweupe wa enameli, kwa zaidi ya dola 1,000. Kimya kimya. Dada wa watu akaiona risiti, na Simiyu hela kama hiyo haihesabiwi kwa shilingi, inahesabiwa kwa ng'ombe! Wiki nzima chakula kikawa kinawekwa mezani bila neno. Shemeji akanipigia simu nimtetee.

Kwa saa yenyewe, namtetea. Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatiwa madini ya rangi, kikapakwa juu ya kisahani cha chuma na kuchomwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi mpaka kiyeyuke na kushikana nacho. Waswisi hupendelea kisahani cha shaba au dhahabu. Mgongoni nako hupakwa, la sivyo kisahani kinapinda. Kisha kinarudi tanurini tena na tena, na kila safari ni kamari: punje ya vumbi, kipovu, ufa mdogo tu, kazi yote inatupwa. Ndiyo maana Seiko wenyewe wamemtangaza kwa jina fundi wao wa enameli, Mitsuru Yokosawa. Na kule Le Locle, Uswisi, karakana ya Donzé Cadrans ilijijengea jina kwa nyuso hizi mpaka Ulysse Nardin wakainunua mwaka 2011.

Faida yake? Rangi haipauki. Kuna saa za mfukoni za miaka ya 1700 ambazo hadi leo ni nyeupe pee. Na usicheke: kile kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, alichonywea uji bibi yako, ni enameli hiyohiyo, ila kimetengenezwa kwa haraka. Umeona kikianguka kinavyobanduka? Saa nayo ukiigonga vibaya inapasuka, na kuitengeneza ni kasheshe.

Ila kwa kuficha, shemeji, hapo sikuwa upande wako. Mkeo hana ugomvi na saa. Januari ina ada za watoto, na yeye ndiye anayezipangia hesabu. Nikawashauri wawekeane kiwango cha hela ambacho mtu hatumii bila kumshirikisha mwenzake. Wakakubaliana laki mbili. Saa imebaki, na mama amepewa zamu ya kuchagua msimu ujao.

Nawe ukitaka yako, muulize muuzaji: uso huu umechomwa tanurini au umepakwa rangi tu? Wapo wanaoita rangi ya kawaida enameli. Akianza kubabaika, rudisha pochi mfukoni.