Neno la Mhariri: Jikoni, Wodini na Ndani ya Damu

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, utafiti ambao kila anayekula chipsi mayai njiani akitoka kazini ana haki ya kuusikia. Watafiti wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, waliwaomba vijana wa kiume 77 wenye afya njema wakubali kubadilishiwa chakula. Wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili ya pale, walilishwa kwa wiki mbili soseji, mkate mweupe, chipsi na vingine vya namna hiyo. Wa mjini walirudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka za kwao. Kundi la tatu lilipewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na vijana 10 waliachwa na mlo wao wa siku zote ili wenzao walinganishwe nao.

Wiki mbili ni muda mfupi. Lakini damu ilishabadilika. Kwa vijana waliotolewa kwenye chakula cha kijijini, protini zinazoashiria inflamesheni, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwaka, zilipanda, na chembe nyeupe zikaonyesha dalili za kuamshwa ilhali hapakuwa na ugonjwa wa kupigana nao. Ajabu ni kwamba chembe hizohizo, zilipochokozwa kwa vijidudu maabara, zilijibu kwa unyonge kuliko mwanzo. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na kwa wanywaji wa mbege, mwelekeo ulikuwa kinyume: moto ulipoa. Tena baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya kila mtu kurudi kwenye sahani yake.

Tumeanza na utafiti huu kwa sababu ndio uliotufanya tupange toleo zima namna tulivyolipanga. Kwa kawaida jarida kama hili lingewatenga waandishi wake: wa maabara mbele, na majedwali yao, wa sayansi ya jamii nyuma, na mahojiano yao. Safari hii tumewachanganya kwa makusudi. Makala ya chembe za kinga imekaa pamoja na makala ya bei ya maharage, na anayeandika kuhusu wanaouguza ndugu zao nyumbani amepakana na anayeandika kuhusu homoni. Hoja yetu ni kwamba hesabu ya chembe za damu ya mtu asiyejulikana anavyoishi ni nusu ya jibu, na maelezo ya maisha magumu yasiyofuata ugumu huo hadi unapoingia mwilini ni nusu nyingine. Nusu hizo mbili zimekaa mbalimbali muda mrefu mno, na wanaoumia kwa utengano huo si sisi wasomi.

Turudi Moshi, maana pale pana mengi. Kabla ya jaribio la vyakula, mwaka 2021, kundi hilohilo la watafiti lilichapisha katika Nature Immunology matokeo ya Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, kaskazini mwa nchi. Kinga ya wa mjini ilikuwa na hamaki zaidi. Katika damu ya wa vijijini walikuta kwa wingi viini vitokanavyo na mimea. Kwa wa mjini, viini vinavyohusiana na lehemu. Yaani watu wa mkoa mmoja, pengine hata wa ukoo mmoja wanaoonana kila Desemba kwenye kihamba cha babu, na kinga zao zinafanya kazi kwa mwendo tofauti kwa sababu mmoja aliteremka kwenda kutafuta maisha stendi na mwingine akabaki mlimani.

Hapo mwanamaabara akiona kazi imekwisha, mwanasayansi wa jamii ndio kwanza anaamka. Huyu wa mjini anakula hivyo kwa nini? Tazama kiburu, kimojawapo cha vyakula vya asili vya huko, kinavyopikwa. Maharage yanachemshwa saa nzima na zaidi, ndizi zinamenywa moja moja huku utomvu ukinata vidoleni, vyote vinaungana sufuriani hadi vilainike, kisha vinapondwa. Inahitajika kuni au mkaa wa kutosha, inahitajika nafasi ya jiko, na anahitajika mtu mwenye alasiri nzima. Mpangaji wa chumba kimoja anayerudi saa mbili usiku hana hata kimoja kati ya hivyo. Chipsi mayai iko mlangoni, ya moto, baada ya dakika kumi. Kumwambia mtu huyo ale vizuri alinde kinga yake, kisha tukajihesabu tumemsaidia, ni kumdhulumu mara ya pili.

Mbege nayo ina habari yake. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo maji yake yachanganywe na uji wa kimea cha ulezi. Kazi hiyo kwa desturi imekuwa mikononi mwa akina mama, kama ilivyo kumenya ndizi na kuchambua mboga. Lakini vijana 77 wa jaribio lile wote ni wanaume. Watafiti wenyewe wameliweka wazi jambo hilo hadi kwenye kichwa cha makala yao, na zipo sababu za kitaalamu za kuanza na kundi linalofanana. Hata hivyo sisi tunataka kujua habari za mpishi. Kinga ya mama anayekula mwisho, baada ya wote kushiba, aliyesimama kwenye moshi wa kuni tangu alfajiri, ikoje? Swali hilo haliwezi kuzaliwa maabara. Linazaliwa jikoni, na ni lazima aliyekaa jikoni awepo mezani utafiti unapopangwa. (Na mbege ni pombe; asije mtu akasoma kurasa hizi akazigeuza cheti cha daktari.)

Ushahidi kwamba kazi ya kulea na kuuguza inaacha alama kwenye kinga upo, na si wa jana. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri na kipato kinacholingana wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, upana wa milimita 3.5, kidonda kikafuatiliwa hadi kikafunga. Vya wauguzaji vilichelewa kwa wastani wa siku tisa. Chembe zao nyeupe zilipochokozwa maabara zilitoa kiasi pungufu cha interlukini-1 beta, mojawapo ya ishara zinazoanzisha uponyaji wa kidonda.

Siku tisa. Sasa fikiria wodi zetu, ambako ndugu ndiye anayeleta uji asubuhi, ndiye anayefua shuka, ndiye anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa kwenye khanga. Fikiria binti aliyeacha kazi Dar es Salaam akarudi kijijini kwa sababu baba amepooza na kaka wote wana udhuru. Mgonjwa ana faili. Huyu binti hana. Presha ya baba inapimwa kila kliniki na dawa zinaandikwa, lakini hakuna anayemuuliza aliyemsindikiza kama analala. Tukilitamka hilo kama suala la huruma tu, litajibiwa kwa pole. Tukilitamka pamoja na kidonda kilichochelewa siku tisa, linakuwa suala la afya ya umma, na wizara inaweza kulipangia fedha. Ndiyo maana tunamtaka mwanasayansi wa jamii asiiogope damu.

Hofu yake tunaielewa, na ina msingi. Anaogopa kwamba umaskini ukishapimwa kwenye chembe nyeupe utatolewa mikononi mwa siasa na kupewa wauza dawa. Nani hajaona stendi zetu? Chupa za kuongeza kinga, unga wa kuongeza kinga, chai ya kuongeza kinga. Wakati wa korona biashara hiyo ilipata nguvu, na haijapungua. Lakini utafiti wa Moshi ndio unaompa mwanasayansi wa jamii hoja ya kuijibu. Kinga si akiba ambayo kadiri mtu anavyoizidisha ndivyo anavyozidi kuwa salama. Vijana waliotolewa kwenye chakula cha kijijini walikuwa na kinga iliyowaka zaidi na iliyojibu vijidudu vibaya zaidi, kwa wakati mmoja. Anayekuuzia ongezeko hajakuambia anaongeza kipi kati ya hivyo viwili.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa namna kinga inavyoweza kumdhuru mwenyewe ni kichocho, ugonjwa tulioishi nao vizazi na vizazi. Viluwiluwi vya mnyoo hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayefua, anayechota au anayeoga. Mnyoo mkubwa ukiwa ndani ya mishipa ya damu hausumbui sana. Balaa linaletwa na mayai. Yale yanayonasa ukutani mwa kibofu, kwenye utumbo, kwenye ini au kwenye via vya uzazi vya mwanamke huzingirwa na chembe za kinga, tabaka juu ya tabaka, hadi pale panapokuwa kovu. Kinachomharibu mgonjwa kwa kiasi kikubwa ni jibu la mwili wake mwenyewe. Mwanabiolojia anaweza kutumia maisha yake yote akichunguza jibu hilo, na tunahitaji afanye hivyo. Prazikwanteli tunayowapa watoto shuleni inaua minyoo mikubwa. Haimzuii mtoto huyo asiambukizwe tena Jumamosi atakapotumwa lamboni na ndoo, kwa kuwa bomba la kijiji limekauka. Nani anatumwa maji, saa ngapi, umbali gani, na kwa nini ni dada wala si kaka: majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ni mayai mangapi yatakayozingirwa na chembe hizo. Mtafiti anayehesabu chembe bila kwenda lamboni anahesabu matokeo tu.

Tumeambiwa na baadhi ya wenzetu kwamba mchanganyiko huu utashusha viwango, kwamba mhakiki wa maabara hatajua kupima mahojiano na wa mahojiano hatajua kusoma grafu. Ni kweli kazi imekuwa ngumu. Kila makala ya toleo hili imesomwa na wahakiki wa pande zote mbili, na zipo zilizorudishwa kwa waandishi wake mara kadhaa. Kuna aliyeandika neno msongo kila ukurasa bila kusema aliupima vipi, tukamrudishia. Mwingine alieleza jinsi sampuli zilivyogandishwa kwa aya tano na watu waliozitoa kwa sentensi moja, naye tukamrudishia. Makala zilirudi zikiwa bora, na ukali huo hatuna nia ya kuulegeza.

Liko jambo moja tunaloliongeza kuwa sharti. Mtu anapoombwa damu hapa kwetu husomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwake, taratibu, hadi aelewe, kwa sababu bila hivyo sindano haiingii. Miaka miwili baadaye matokeo yanatoka kwa Kiingereza, nyuma ya malipo, na aliyetoa damu hayaoni. Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote yenye sampuli za watu itakuja na ukurasa mmoja kwa lugha ileile iliyotumika kusoma fomu, ukieleza kilichopatikana na kisichopatikana, na mwandishi atatuonyesha ulipelekwa kijiji gani, ukasomwa na nani, na wenyeji waliuliza nini. Maswali yao tutayachapisha papo hapo, chini ya makala yenyewe, kwa herufi za ukubwa uleule.