Fulu si chambo tu

Leo naweka kompyuta kando kidogo. Leo ni samaki. Ila msikimbie, maana mkifika katikati mtaona kwamba ni yale yale ninayopigia kelele kila siku: nakala ya akiba.

Ingia ofisi yenye pesa kidogo Nairobi au Kisumu, au sebule ya mtu ambaye mambo yamemnyookea. Utakuta tangi la kioo, taa ya buluu, jumba la plastiki linalotoa mapovu, na ndani yake samaki wa dhahabu. Huyo asili yake ni Uchina, ambako watu wamemfuga kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sina ugomvi na Wachina wala na samaki wao. Hata wakifa wote walioko Kenya leo, dunia haitapungukiwa na samaki wa dhahabu.

Sasa tazama upande wa pili. Shuka hadi Kisegi, kwenye Ziwa Victoria. Samaki mdogo anayeitwa fulu ukanda huo wote ana kazi mbili: kutiwa kwenye ndoana ili avutie mbuta, au kuanikwa juani pamoja na omena aliyenaswa naye. Hana bei, ana miiba, na hakuna anayemtazama mara mbili.

Na huyo asiyetazamwa ndiye maajabu ya ziwa lenyewe! Wanajiolojia wanasema Ziwa Victoria lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita. Tangu maji yaliporudi, fulu wamejigawa wakawa aina zipatazo 500: wa kula konokono, wa kula mwani, wa kula mayai ya wenzao. Hakuna mahali pengi duniani ambapo wanyama wenye uti wa mgongo wamegawanyika kwa kasi hiyo. Kisha miaka ya 1950 mbuta akaletwa ziwani, na miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Uholanzi waliokuwa Mwanza tangu mwisho wa miaka ya 1970 waliona fulu wakitoweka kwenye nyavu zao mwaka hadi mwaka. Makadirio ni kwamba aina kama 200 huenda zimekwisha kabisa.

Swali langu kwa yeyote aliyewahi kupoteza faili: nakala ziko wapi?

Nitakuambia ziko wapi. Ziko Marekani na Ulaya. Miaka ya 1990 matangi ya maonyesho ya Marekani yalianzisha mpango maalumu wa kuzalisha samaki wa Ziwa Victoria ambao huko kwao wako hatarini. Wafugaji wa kawaida nao, watu wenye tangi moja kwenye chumba cha chini, wanabadilishana makinda. Kuna mmoja wa Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, anayependwa sana kwa rangi zake nyekundu na kijani. Wanamwita "fulu wa Krismasi". Umesikia? Neno la Kijaluo, fulu, limefika Ulaya na linatumika na wafugaji, wakati mtoto wa Kisegi hajui kwamba chambo cha babake kina mashabiki. Kuna mwingine wa upande wa Tanzania, mwekundu mgongoni, wa njano ubavuni, mwenye mistari myeusi. Mwaka 1985 alipewa jina la kisayansi kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na baadaye kundi lake likaitwa Pundamilia. Majina yetu, samaki wetu, matangi yao!

Siwalaumu wao hata kidogo. Walifanya nakala. Nawalaumu sisi tunaonunua jumba la plastiki.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu kabisa.

"Samaki wa porini aachwe porini." Ziwa lingekuwa salama, ningekubali. Lakini samaki kumi waliotolewa kwa uangalifu kwenye ndoo ya mvuvi, ambao jioni wangekuwa chambo, si hasara kwa ziwa. Nyavu zenye matundu madogo ni hasara. Maji machafu ni hasara. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hawaoni vizuri rangi za madume, wanachagua ovyo, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Hapo hakuna aliyekula mwenzake, lakini data imefutika.

"Tangi la nyumbani haliwezi kuokoa ziwa." Kweli, na wala sisemi litaokoa. Nakala ya akiba haiendeshi kazi ya ofisi. Inangoja tu siku mbaya. Lakini muulize mtu ambaye diski yake imekufa kama nakala ni upuuzi.

"Basi nitajaza tangi fulu wa kila rangi, wapendeze." Hapana! Huyu ndiye ananikasirisha kuliko mwenye samaki wa dhahabu. Ukichanganya aina zinazokaribiana kwenye tangi moja watazaana, na kazi iliyochukua ziwa maelfu ya miaka utaiharibu kwa miezi sita, sebuleni mwako, huku ukijiita mhifadhi. Aina moja, tangi moja. Na kila tangi liwe na faili la maandishi: jina la samaki kwa lugha ya wavuvi, ufuo alikotoka, tarehe, idadi, na makinda yamekwenda kwa nani. Samaki asiye na maelezo hayo ni kama faili lisilo na jina wala tarehe. Ni pambo, si nakala.

"Wakizidi nitawarudisha ziwani." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ziwa hili limekwisha kuumizwa na watu wenye nia njema. Mbuta aliletwa ili kuongeza samaki wa kula. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likasambazwa duniani kwa sababu ya maua yake, yaani lilikuwa pambo la madimbwi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia kwetu. Samaki aliyekaa tangini anaweza kubeba ugonjwa, au damu iliyochanganyika. Tangini hakuna njia ya kurudi. Wakizidi, mpe jirani, mpe shule.

Kwa anayetaka kuanza kweli, mambo ni haya. Kwanza, zungumza na kamati ya ufuo na afisa wa uvuvi, maana uvuvi una sheria yake ya mwaka 2016 na hatutaki kuanza uhifadhi kwa wizi. Pili, tangi liwe kubwa, lita 200 na kuendelea, lenye mawe ya kujificha, kwa sababu dume la fulu ni katili kwa wenzake kwenye nafasi ndogo. Tatu, liendeshe tangi wiki nne hadi sita likiwa na chanzo kidogo cha amonia kabla ya kumweka samaki, ili bakteria wanaoivunja amonia wakue. Nne, joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Kandokando ya ziwa hilo si tatizo, lakini Nairobi mwezi wa Julai utahitaji kifaa cha kupasha maji. Tano, pampu ya hewa iwe na betri. Stima zetu mnazijua. Na ukiona jike amevimba mdomo na hali chakula, usimtafutie dawa: amebeba watoto mdomoni, mwache kama wiki tatu.

Nimalizie na jina. Zamani Wajaluo waliposema ngege walimaanisha samaki wa asili wa ziwa hili. Baadaye akaletwa ngege wa Mto Nile, akamsukuma yule wa kwanza mpaka akabaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli. Leo ukiagiza ngege hotelini Homa Bay, unaletewa mgeni. Jina limebaki lile lile, kilichomo kimebadilishwa, na watu wengi hawakutambua. Waandishi wa programu wanalijua kosa la aina hii, na wanajua kwamba hugunduliwa siku ambayo cha zamani hakipatikani tena.

Fulu bado wapo. Toa jumba la plastiki.